Tairi Lina Umri Wake

Mwaka huu sitaandika kuhusu faida za elimu wala madhara ya dawa za kulevya. Wenzangu wameyaeleza hayo vizuri kuliko mimi. Nitaandika kuhusu matairi ya pikipiki. Najua kuna watakaocheka, lakini wengi wetu hapa ni wanafunzi wa kutwa, na asubuhi tukichelewa tunajua ni nani anayetuokoa na adhabu ya langoni.

Hapa kwetu Nyandarua pikipiki hubeba maziwa, viazi, kabichi, wagonjwa na wanafunzi. Nyingi kati yake zimenunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika. Mnunuzi akifika huipiga kiki, akasikiliza injini, akatazama moshi, akauliza hati. Matairi huyatazama kwa jicho moja tu: yana meno au ni kipara? Yakiwa na meno, basi, biashara imekwisha. Ama kweli, vyote ving'aavyo si dhahabu, maana kuna wauzaji ambao huyapaka matairi makuukuu polishi nyeusi yakang'aa kama viatu vya mwalimu wa zamu.

Baba alinunua pikipiki ya namna hiyo mwezi wa Agosti 2024 ili apeleke maziwa kwenye kituo cha kupoza huko Ol Kalou. Tairi la nyuma lilikuwa kipara katikati, hilo kila mtu aliliona. La mbele lilikuwa na meno marefu na weusi wa kupendeza. Tulipoipeleka kwa fundi, mzee mmoja mwenye kibanda karibu na soko, hakulitazama la nyuma hata kidogo. Alichuchumaa mbele, akatema mate kwenye kitambaa, akalisugua tairi ubavuni, kisha akaniita.

"Kijana, wewe uko na macho mazuri. Nisomee hapa."

Palikuwa na tarakimu nne ndani ya duara refu kama yai: 2311. Nilidhani ni nambari ya kiwanda. Kumbe huo ndio umri wa tairi! Matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000 huandikwa hivyo. Tarakimu mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Kwa hiyo tairi hilo lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2011. Lilikuwa na miaka 13, karibu umri wangu mimi. La nyuma lilisomeka 4019, yaani wiki ya 40 ya mwaka 2019.

Sasa mtauliza, kama lina meno, umri unadhuru nini? Hapa ndipo somo la kemia linapoingia. Mpira mbichi unaotoka mtini hunata kukiwa na joto na kukakamaa kukiwa na baridi. Mwaka 1839 Mmarekani aitwaye Charles Goodyear aligundua kwamba ukichanganywa na salfa na kupashwa moto, huwa imara na wenye kunyumbuka. Salfa hiyo hufunga nyuzi ndogo za mpira moja kwa nyingine, mithili ya vifundo vya wavu. Hata hivyo hewa na jua havipumziki. Oksijeni na ozoni huushambulia mpira polepole mwaka baada ya mwaka, hata pikipiki ikiwa imelala bandani. Mpira hugeuka mgumu, hauwezi tena kujibonyeza na kuishika barabara, na nyufa ndogo hutokea ubavuni na kwenye vijia vilivyo kati ya meno. Fundi alilikunja lile la mbele kwa dole gumba na nyufa zikafunguka kama ngozi ya kisigino wakati wa kiangazi. Watengenezaji wengi hushauri kwamba tairi likipita miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na likifika 10 litolewe hata kama linaonekana jipya.

Baba hakuridhika. "Lakini fundi, hii ya mbele iko na meno. Wacha tubadilishe ya nyuma peke yake, ya mbele tutaona mwezi ujao."

"Mzee, ya nyuma ikiteleza, utayumba na pengine utairudisha. Ya mbele ikiteleza, umeshalala chini na maziwa yako."

Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi, na naona fundi alisema kweli. Mmewahi kuketi ndani ya matatu dereva akafunga breki ghafla? Abiria wote huinama mbele. Pikipiki nayo ni vivyo hivyo: ukifunga breki uzito hukimbilia gurudumu la mbele, na hilo ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Tena ndilo linaloelekeza. Lakini kwa kuwa la nyuma ndilo linalosukuma na kubeba mzigo, huisha haraka, na watu hubadilisha hilo tu. La mbele huachwa likizeeka na meno yake yote kinywani. Ndiyo maana mimi huliogopa zaidi tairi la mbele la pikipiki kuukuu kuliko la nyuma.

Hesabu ya pesa ilikuwa hivi: tairi la mbele 2,400, la nyuma 3,000, tyubu mbili 800, mikanda ya rimu 100, ufundi 300. Jumla shilingi 6,600. Wakati huo tulikuwa tukilipwa shilingi 50 kwa lita, kwa hiyo ni lita 132 za maziwa. Mama, ambaye ndiye hukamua na ndiye huamka saa kumi alfajiri, alipopigiwa simu aliuliza swali moja tu: "Huyo mtoto atakuwa anapanda hiyo pikipiki?" Baba akasema ndiyo. "Basi badilisha zote," akakata simu.

Kununua tairi jipya nako kuna kusoma. Letu la nyuma liliandikwa 3.00-17, maana yake upana wa inchi 3 na rimu ya inchi 17. Ukileta la 18 utarudi nalo dukani. Baada ya hapo pameandikwa 50P. Herufi P ni mwendo, kilomita 150 kwa saa, jambo ambalo kwenye barabara yetu ya tope ni kichekesho. Lakini hiyo 50 si kichekesho. Si kilo 50 kama nilivyofikiri kwanza, bali ni nambari ya jedwali, na katika jedwali 50 ni kilo 190.

Nilikaa nikapiga hesabu. Pikipiki yenyewe ni kama kilo 115, baba 75. Mitungi miwili ya lita 40 ni maziwa kilo 82, kwani lita moja ya maziwa hupita kilo moja kidogo, na mitungi mitupu tuseme 14. Jumla 286. Kwa kuwa mzigo uko nyuma, thuluthi mbili ya uzito hukaa juu ya tairi la nyuma, yaani kilo 191 hivi. Tumevuka, na hata mimi sijapanda! Nilimwonyesha baba daftari. Alinyamaza kidogo, akasema kumbe hesabu zenu zina kazi. Siku hizi hubeba mtungi wa 40 na wa 20, ule mwingine husubiri safari ya pili, na mimi hupanda safari ambayo haina mtungi hata mmoja.

Sasa kazi yenyewe. Fundi alilegeza nati ya ekseli pikipiki ikiwa bado chini, kwa sababu ikishainuliwa gurudumu hutikisika na unaweza kuiangusha. Akaifungua fimbo ya breki, akachomoa ekseli, na kila bushi iliyotoka akaipanga kwenye gunia kwa mfuatano uleule. Kisha akatoa kijiti cha ndani ya vali ili pumzi yote iishe, akasimama juu ya tairi kwa visigino mpaka likaachana na rimu pande zote.

Wengi hutumia nguvu hapa, wakatoboa tyubu au kupinda rimu. Siri ni bonde lililo katikati ya rimu. Ukingo wa tairi una waya wa chuma ndani yake na haunyooki hata ukiuvuta vipi. Ila ukiusukuma upande mmoja uingie kwenye lile bonde, upande wa pili hupata nafasi na huruka kwa vyuma viwili bapa na maji ya sabuni. Fundi alikuwa akikanyaga upande mmoja na kubandua mwingine, wala hakutoa jasho.

Ndani tulikuta mambo. Mkanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoku ulikuwa umeoza, na kutu ya spoku ilikuwa imeanza kuikwaruza tyubu. Tyubu yenyewe ilikuwa na viraka saba. Mtu anayeweka tairi jipya juu ya tyubu ya namna hiyo anaokoa mia nne na kujitafutia pancha.

Akasugua kutu, akaweka mkanda mpya. Akatazama mshale uliochorwa ubavuni mwa tairi, kwani lazima uelekee upande gurudumu linakozungukia. Tyubu akaipuliza kidogo tu ipate umbo, isije ikajikunja au kubanwa na vyuma, akaipaka poda na kuiingiza. Ukingo wa mwisho akaumalizia kwenye vali. Alipopiga pampu, alilizungusha gurudumu huku akitazama mstari mwembamba ulio karibu na rimu. Mstari huo ukiwa sawa kote, tairi limekaa. Ukizama mahali, punguza pumzi, paka sabuni, upige tena. Pumzi yenyewe haipimwi kwa kufinya na vidole bali kwa geji, na kiasi chake kimeandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki au kwenye kitabu chake.

Gurudumu liliporudi, alipima ulegevu wa cheni, akahakikisha gurudumu halikukaa upande, akakaza nati, akaweka pini yake. Mwisho akakanyaga breki mara kadhaa kabla ya kumkabidhi baba. Akamwonya kwamba tairi jipya huteleza siku za kwanza, kwa hiyo aende polepole kwenye kona kwa kilomita kama mia moja hivi.

Tukiwa tunaondoka, kijana mmoja wa bodaboda alikuja kuuliza bei ya lile tairi kuukuu la mbele, lenye meno. Alitoa 500 hapo hapo. Baba alimwita, akamwonyesha zile tarakimu nne, akamkunjia ubavu akaziona nyufa. Kisha akaazima msumeno wa chuma kwa fundi, akalikata tairi vipande viwili. Ile tyubu yenye viraka fundi aliichana kamba ndefu, na ndizo tunazofungia mitungi hadi leo.