Meka moja ni bei gani? Ordinatere inaweza kujibu, lakini soma onyo

Tuchukue mfano wa soko hapa Kamina. Mama mmoja ananunua meka 2 za bunga ya muhindi na 1 ya maharagi, analipa franka 11 000. Jirani yake anachukua 1 ya bunga na 3 za maharagi, analipa 18 000. Kila meka ni bei gani?

Kwenye Octave, programu ya bure, mwanafunzi anaandika mistari mitatu tu:

A = [2 1; 1 3]
b = [11000; 18000]
A \ b

Jibu: bunga 3 000, maharagi 5 000. Pima mwenyewe, utaona inaingia.

Angalia kale kamstari: kichwa chake kinaegemea kushoto, upande wa A. Maana yake: tafuta namba ambazo A ikizizidisha, tunapata b. Ukigeuza, uandike b / A, hapa mashine inakataa.

Sasa tuseme jirani alinunua mara mbili ya mama: 4 na 2, kwa 22 000. Hajatuletea habari mpya. Octave inatoa onyo, lakini bado inaandika 4 400 na 2 200. Namba hizo zinalingana na malipo, ila si bei ya soko. Basi, soma onyo kwanza, jibu baadaye.