Kitambaa cha nyuma: tupime mbele ya kununua

Tukishona blanketi ya vipande, kitambaa cha nyuma kinapaswa kupita juu kwa santimetre 10 kila upande, sababu sindano inakivuta ndani.

Tutwae mufano. Juu iko 180 kwa 220. Basi nyuma itakuwa 200 kwa 240. Kitambaa cha soko kiko na upana wa 115. Tukiunga mapande 2 katika urefu wa blanketi, kila moja 240, tunapata upana wa kutosha: ni metre 4,80. Tukiyalaza kwa upana, mapande 2 hayafike 240. Tunaomba 3 ya 200: metre 6.

Lakini kitenge ya yadi 6 haifike metre 5,50! Njia ya kwanza inatosha, ya pili hapana. Tuhesabu njia zote mbili, feza ya wazazi isipotee bure.