Ukubwa wa Punje ya Mpunga na Urithi Wake

Mtu akimwaga mezani mbegu za mpunga wa namna mbalimbali, ataona kuwa nyingine ni ndefu na nyembamba, nyingine fupi na nene. Tofauti hizo hazitokani na mbolea wala mvua pekee. Kwa sehemu kubwa zimo katika mbegu yenyewe.

Punje hukua ndani ya maganda mawili yaliyofumbana, ambayo hufikia ukubwa wake kabla punje haijaanza kujaa. Maganda hayo ndiyo yanayoiwekea mpaka. Kiswahili, chenye mpunga, mchele na wali, humrahisishia mwalimu kazi hapa: atakaye kujua ukubwa wa mchele hana budi auchunguze kwanza mpunga.

Mwaka 2006 wataalamu wa China walieleza jeni iitwayo GS3, ambayo kwa kawaida huzuia punje isirefuke mno. Katika aina nyingi zenye punje ndefu, herufi moja tu ya maandishi ya urithi imebadilika, C ikawa A. Badiliko hilo huikatiza protini kabla haijakamilika. Kizuizi hulegea na punje hurefuka. Mwaka 2007 ikaelezwa GW2, inayodhibiti upana. Ikiharibika, seli za maganda huongezeka idadi, na maganda hupanuka. Ajabu ni kwamba katika mifano yote miwili ukubwa umeletwa na hitilafu, si na kitu kilichoongezwa.

Mpunga wa asili ya Afrika, Oryza glaberrima, uliolimwa Afrika Magharibi tangu miaka ipatayo 3,000 iliyopita, una historia ya kinyume. Uchunguzi wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa badiliko katika jeni GL4 liliifanya punje yake iwe ndogo kuliko ile ya mpunga-mwitu uliouzaa. Lakini badiliko hilo hilo lilipunguza kupukutika kwa punje. Yaelekea wakulima walichagua masuke yasiyopukutika, wakapokea na udogo wa punje pasipo kukusudia.

Punje kubwa nayo ina gharama zake. Mara nyingi suke lenye punje kubwa huwa na punje chache, na punje pana huelekea kuwa na doa jeupe kama chaki, ikavunjika kwa urahisi inapokobolewa. Tena mnunuzi wa Tanzania apendaye Supa kwa harufu yake hatashawishika kwa unene. Kwa sababu hiyo watafiti hutafuta matoleo mengine ya jeni hizo katika mbegu za zamani. Hazina ya mbegu ya Los Baños, Ufilipino, ina sampuli zaidi ya 130,000. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya kusoma urithi wote wa 3,010 kati ya mipunga ya dunia.