Kamera Haicheki: Urithi wa King Majuto (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia redioni, kwa Pwagu na Pwaguzi, wale wajanja wawili wa Radio Tanzania Dar es Salaam ambao nchi nzima iliwajua kwa sauti bila kuzijua nyuso zao. Leo tunaingia zama za uso. Na ukitaja uso katika vichekesho vya Tanzania, huna budi kuanza na mzee mmoja wa Tanga, Amri Athumani, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki dunia katika Hospitali ya Taifa Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Watu walimwita Mzee Majuto, wengine King Majuto, na ufalme huo hakuna aliyeugombea.

Naandika nikiwa Ghuba ya Chole, kisiwani Mafia, na mahali hapa pana uhusiano na hoja yangu. Utende, Chole, Juani na Jibondo ni vijiji vya watu ambao wengi wao hawajawahi kumwona Majuto jukwaani. Walimpata kwenye kanda, kisha kwenye diski, na sasa kwenye memori kadi ambayo kijana wa duka la simu Kilindoni huijaza filamu kwa ada ndogo. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hawatoki, maana karabai na taa za sola hazina kazi mbele ya mbalamwezi; siku hizo ndizo kibanda umiza, chumba cha kuonyeshea filamu kwa kiingilio, hujaa. Nimekaa katika vibanda hivyo mara nyingi, na jambo ninalolipenda kuliko filamu yenyewe ni kuwasikiliza watazamaji. Wanapocheka wanacheka kweli. Wasipopendezwa hawazomei, wanaanza tu kuzungumza yao: bei ya pweza, injini iliyoharibika, nani kaposwa. Mzee Majuto angelikuwapo chumbani angeliyasikia hayo na kubadili mchezo papo hapo. Kamera haikumpa nafasi hiyo, na kwangu mimi hapo ndipo ulipo mzizi wa mazuri na mabaya aliyotuachia.

Turudi nyuma kidogo, maana mhusika aliyemcheza hakuzaliwa naye. Vichekesho vyetu vya jukwaani vilikua tangu enzi ya mkoloni, shuleni na mijini, na wataalamu wa sanaa za maonyesho wamevihusisha na filamu bubu za Charlie Chaplin zilizokuwa zikionyeshwa wakati ule. Mchekwa wao mkuu alikuwa mshamba: mtu wa bara au wa kijijini aliyeingia mjini, hajui kiti kinakaliwaje, hajui noti halali na ya bandia. Serikali ya kikoloni nayo ilimwona mshamba huyo ana faida. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mkoa huohuo wa Tanga, Waingereza waliendesha mradi wa majaribio wa kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika, kisha wakazizungusha kwa lori Afrika Mashariki na kusini yake. Mojawapo ilihusu benki ya akiba ya posta: bwana mmoja kaweka fedha benki, mwenzake kazifukia zake ardhini zikaibwa. Huyo wa pili ndiye mjinga wa kuchekwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaja Muhogo Mchungu, filamu ya mtu wa shamba aliyepotea Dar es Salaam, na aliyeicheza nafasi kuu ni Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Sijui nchi nyingine ambayo mshamba wake wa sinema alipanda cheo haraka namna hiyo.

Majuto alimrithi mshamba huyo akampindua. Katika filamu zake yeye ni mzee wa kofia na kikoi, bahili, mwenye wivu, mgomvi, mpenda vya bure. Lakini mji ndio unaoaibika mbele yake. Ukitaka kuona upinduzi huo vizuri, mtazame alipocheza na Hussein Mkiety, yule Sharo Milionea, kijana wa Muheza aliyefariki kwa ajali ya gari mwezi Novemba 2012. Sharo ni mji wenyewe: suruali, miwani, mwendo wa kuyumba, maneno ya kubana pua. Majuto anamtazama tu. Anamtazama muda mrefu kuliko ilivyo adabu, kisha anageuza shingo taratibu kama mtu anayetafuta shahidi. Hajasema neno na kibanda kizima kimeshavunjika mbavu. Wavuvi wa Jibondo, ambao wageni wa mjini huwatazama kama sehemu ya mandhari, wanalielewa jicho lile kuliko mhakiki yeyote. Miaka ishirini baada ya Uhuru mshamba alikuwa bado anachekwa. Kwa Majuto, mshamba ndiye anayecheka. Hilo si jambo dogo, na mtu asiniambie kwamba vichekesho ni vichekesho tu.

Ufundi wake ulitoka jukwaani. Kabla ya filamu za video kushamiri, kichekesho kilikuwa kipande kimoja cha usiku mrefu. Katika miaka ya 1980 na 1990 vikundi vya Dar es Salaam kama Muungano na Tanzania One Theatre vilipanga ngoma, sarakasi, kichekesho, maigizo na taarab katika onyesho moja kwenye kumbi za baa. Hakukuwa na mswada. Wachezaji walipeana kisa kwa mdomo, nani ataingia wapi na nani atatoka vipi, basi. Mengine yalizaliwa mbele ya watu. Na watu walilipa mara mbili: mlangoni, na tena kwa kutunza. Mtazamaji aliyekunwa alipanda jukwaani na noti yake. Kwa hiyo mchekeshaji alijua usiku uleule ni utani gani umeuma, upi umelala, na upi umemkera mama wa mstari wa mbele aliyekuja na mumewe. Sahihisho na ujira vilitoka mkono mmoja.

Majuto alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuuhamishia ufundi huo kwenye kanda, na soko lilipogeukia video yeye ndiye aliyekuwa tayari kuliko wote. Mswada hakuuhitaji. Mpe kisa asubuhi, jioni umepata nusu ya filamu. Watengenezaji waliipenda sana sifa hiyo, na hapo ndipo ilipomgeuka. Kazi ziliongozana kama mabasi stendi: leo baba mkwe, kesho mwenye nyumba, keshokutwa mganga tapeli. Ukizitazama tano mfululizo unaona mzee yuleyule, ugomvi uleule, na mara nyingi mzaha uleule juu ya umbo la mwanamke, juu ya mke aliyezeeka, juu ya binti anayefukuzwa na mzee wa rika la babu yake. Yale ambayo jukwaani yangelikuwa ya usiku mmoja na kurekebishwa kesho yake, kamera iliyakamata yakabaki.

Nikiwa kibandani huku Ghubani nimeona jambo ambalo mwongozaji wa filamu hizo hakupata kuliona. Majuto anapoaibishwa na mkewe kwa ubahili wake, akina mama ndio wanaocheka zaidi, wanapigana vibao mgongoni. Kamera inaposhuka kwenye makalio ya mhusika wa kike na mzee anaanza kutoa macho, vijana wanapiga kelele, na akina mama ndio wanaoanza kuzungumza bei ya pweza. Hawakasiriki. Wanasubiri pale papite. Majuto wa jukwaani angesikia kimya hicho. Simtetei kwa kusema hivyo, maana nafasi hizo alizikubali mwenyewe na alizicheza kwa raha. Nasema tu kwamba mchezo uliojengwa juu ya kusahihishwa ulipelekwa mahali pasipo na wa kusahihisha.

Jirani zetu wana kesi yao inayofanana. Benson Wanjau, Mzee Ojwang wa kipindi cha runinga cha Vitimbi, alikuwa Mkikuyu aliyewachekesha Wakenya kwa miongo kadhaa akizungumza Kiswahili cha mzee wa Kijaluo, huku Mama Kayai, mkewe wa kipindini, akimkaripia pembeni. Waluo wengi walimpenda kama wao. Hata hivyo kichekesho cha lafudhi ni upanga wenye makali pande zote: kizazi kizima kilijifunza kwamba Kiswahili cha watu fulani ni kituko chenyewe, hata kabla mtu hajasema la kuchekesha. Ojwang alifariki tarehe 12 Julai 2015. Kabla ya hapo umma ulikuwa umechangishwa ili macho yake yatibiwe. Msomaji aliyefuatilia mwisho wa Majuto atakuwa ameshatambua ninakoelekea.

Maana mapatano ya kazi nayo yalikuwa ya mdomo. Katika biashara ya filamu za video, desturi ilikuwa mwigizaji kulipwa kwa mkupuo siku za kurekodi, na mtengenezaji naye kumuuzia msambazaji kazi nzima kwa mkupuo. Baada ya hapo kila nakala iliyouzwa, halali au ya wizi, haikumhusu aliyeonekana ndani yake. Serikali ilijaribu kuziba tundu: mwaka 1999 ilipitishwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki iliyozaa COSOTA, taasisi ya kusimamia hakimiliki, na mwaka 2013 stempu za kodi zikaanza kubandikwa kwenye kazi za muziki na filamu. Stempu inamsaidia mwenye haki. Majuto, kwa filamu nyingi alizocheza, alikuwa uso wa kazi tu. Mwenye haki alikuwa mwingine.

Wala tusidhani ni ushamba wetu peke yetu. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961, ambao ndio uliokuwa nguzo ya kimataifa ya haki za watumbuizaji, una ibara ya 19 inayosema kwa maana yake kwamba mtumbuizaji akisharidhia kuingizwa kwenye picha, ule ulinzi aliopewa unakoma. Mwimbaji alibaki na kitu, mwigizaji wa filamu aliachwa. Pengo hilo lilikuja kuzibwa na Mkataba wa Beijing uliotiwa saini mwaka 2012 na kuanza kutumika tarehe 28 Aprili 2020, miezi ishirini baada ya Majuto kuzikwa Tanga.

Nimemtaja Chaplin, basi nimtumie. Naye alitoka jukwaani, naye miaka ya mwanzo alirekodi bila mswada. Tofauti ni mbili. Alirudia onyesho moja mara kwa mara, pengine mamia, hadi lipatikane analolitaka. Na mwaka 1919, pamoja na wenzake watatu, alianzisha kampuni ya United Artists ili wasanii wazimiliki kazi zao. Aliyekuwa na studio yake aliweza kumudu kurudia. Majuto alilipwa kwa siku, na siku ya pili kulikuwa na filamu nyingine. Kwa hiyo wanaolaumu kazi zake kwa ulipuaji, nami nikiwamo, wakumbuke nani aliyekuwa akilipia muda.

Mwaka 2018 mambo yote mawili, sanaa ya mdomo na malipo ya mdomo, yalikutana kitandani. Aliugua, akalazwa, akapelekwa India kwa matibabu, akarudi. Nchi ikashangaa: mzee ambaye sura yake ilitangaza bidhaa na kujaza rafu za filamu, kumbe anahitaji kuchangiwa? Habari za mikataba duni zikatapakaa, na Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo wa wakati ule, Dkt. Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii. Nadhani hili ni tendo kubwa la Majuto ambalo halikumchekesha mtu. Wasanii wengi kabla yake walikufa maskini na tukasema ndiyo mambo ya usanii. Kwake yeye ilishindikana kusema hivyo, kwa sababu kila mmoja alikuwa amemwona akiwa kazini.

Leo kazi zake zimehamia intaneti. Filamu ya saa moja na nusu imekatwakatwa vipande vya dakika tatu, kichwa cha habari kimebadilishwa, na kwenye pembe ya picha kuna jina la kijana aliyeipakia ambaye labda hakuwa amezaliwa ilipochezwa. Vinatazamwa mno. Vijana wa Chole huviangalia wakisubiri mashua ya kuvukia Utende, na nimeona kwamba vipande wanavyorudia ni vile vya jicho na kimya, si vile vya kukimbizana na wasichana. Waliokata wamefanya, bila kukusudia, kazi ya uhariri ambayo haikufanywa mwanzo. Fedha za matangazo yanayotangulia vipande hivyo huenda kwa mwenye akaunti, na familia ya msanii ikitaka kudai itaulizwa swali lilelile: karatasi iko wapi?

Itaendelea. Toleo lijalo tutawatazama wanawake wa vichekesho, wale waliosimama mbele ya Majuto na wenzake wakijibu mapigo, na kwa nini majina yao hayakukaa kwenye majalada ya filamu.