Caudron C.714: Ndege ya mashindano iliyopelekwa vitani

Agosti 1934, rubani wa Kifaransa Hélène Boucher alirusha kindege cha kampuni ya Caudron kwa kasi ya kilomita 445 kwa saa, rekodi ya dunia kwa wanawake. Krismasi ya mwaka huohuo Raymond Delmotte, kwenye ndege ya ukoo uleule, akafikisha kilomita 505. Zote mbili zilibuniwa na mhandisi Marcel Riffard. Injini zao za Renault zilikuwa ndogo, kwani sheria za mashindano ya Deutsch de la Meurthe hazikuruhusu ujazo unaozidi lita 8. Siri ilikuwa kwenye umbo: mwili mwembamba, mabawa mafupi, hakuna cha kuzuia upepo.

Basi Ufaransa, ikiiona Ujerumani inajizatiti, ikavutiwa. Kwa nini isitengeneze ndege nyepesi za kivita kwa mbao, haraka na kwa wingi, bila kugusa viwanda vilivyokwisha kushika kazi nyingine? Ya kwanza, C.710, ilipaa Julai 1936, magurudumu yake yakining'inia nje. C.713 ikayakunja. Hatimaye ikaja C.714, yenye bawa lililosanifiwa upya na bunduki nne za rashasha za milimita 7.5.

Hapo ndipo hesabu ilipogoma. Ndege ya mashindano hubeba rubani na mafuta. Ya vita hubeba pia bunduki, risasi na redio. C.714 ilipewa nguvu za farasi 450 tu, na kupanda hadi mita 4,000 kuliichukua zaidi ya dakika tisa. Kwa rubani anayemwona adui juu yake, dakika tisa ni nyingi mno. Wafini walipokea sita, wakaona haziviwezi viwanja vyao vifupi.

Waliozipeleka vitani, wakipigana upande wa Ufaransa, ni Wapoland wa kikosi cha GC 1/145, watu waliokwisha kupoteza nchi yao Septemba 1939. Mei 1940 iliamriwa ziondolewe. Lakini zilikuwa ndizo pekee walizokuwa nazo, wakaendelea kuzirusha, na Juni wakapambana nazo na Messerschmitt 109 zenye nguvu zaidi ya mara mbili. Waliangusha ndege za Wajerumani. Nao waliwazika wenzao. Sifa hiyo ni ya marubani, si ya ndege, na aliyewatuma na injini ile aliwakosea.

Ufaransa iliposalimu amri, wengi wao walivuka hadi Uingereza. Huko baadhi yao walikabidhiwa ndege ya Hurricane, yenye injini ya nguvu za farasi zaidi ya 1,000.