Kulipa si kuchagua: programu za filamu nyumbani mwetu

Wengi wetu tunalipia programu za filamu tukiamini kwamba anayelipa ndiye anayechagua. Sivyo. Tunafungua ili kutafuta filamu moja, na kabla hatujagusa kitu, vipande vya filamu nyingine vinaanza kucheza vyenyewe, kwa picha na sauti, watoto wakiwa wamekaa kando yetu. Na mega zinakwisha.

Sababu ni hii: kampuni zinataka tukae muda mrefu, tusiache kulipa. Nyingine zinauza pia matangazo. Tarehe 29 Januari 2024, Prime Video ya Amazon ilianza kuwawekea matangazo wateja wa Marekani waliokuwa tayari wanalipa; asiyeyataka alitakiwa kuongeza dola 2.99 kila mwezi.

Hata hivyo, malalamiko husikika. Mwaka 2020, baada ya wateja kulalamika sana, Netflix iliwaruhusu kuzima vipande hivyo. Fanyeni hivi: ingieni katika akaunti kwenye tovuti yao, chagueni profaili, tafuteni mipangilio ya uchezaji, kisha ondoeni alama kwenye vipande vinavyojianzisha na kwenye kipindi kinachofuata. Rudieni kwa kila profaili, maana kuzima moja hakuzimi nyingine. Watoto wapeni profaili yao yenye kikomo cha umri, na ya wazazi mwifunge kwa namba ya siri.

Tusingoje kampuni itulindie nyumba. Mpangilio tusioubadilisha, wao wametuchagulia.