Mtoto wa miaka 11 mbele ya mabingwa wa sayansi

Juzi nililetewa ratiba ya mkutano wa watafiti wa afya utakaofanyika baadaye mwaka huu. Kama kawaida yangu, nilianza na ukurasa wa wazungumzaji wakuu. Wako watano: maprofesa wanne na mkurugenzi mmoja. Ninawaheshimu wote, na wawili kati yao wamenifundisha. Lakini mada kuu ni maambukizi ya Virusi vya Ukimwi (VVU) kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na sikuona jina la mama hata mmoja aliyepitia hali hiyo.

Nikaikumbuka Durban.

Julai 2000 nilikuwa bado mwanafunzi wa udaktari. Mwezi huo Mkutano wa 13 wa Kimataifa wa Ukimwi ulifanyika katika jiji hilo la Afrika Kusini, ikiwa mara ya kwanza kwa mkutano huo kuja Afrika. Watafiti walikuwa na habari njema. Tangu mkutano wa Vancouver, Canada, mwaka 1996, ilijulikana kwamba dawa tatu zikitumiwa pamoja zinafubaza virusi. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Mulago, Kampala: dozi moja ya nevirapine kwa mama anapoanza uchungu, na nyingine kwa mtoto ndani ya siku tatu za kuzaliwa, ilipunguza maambukizi kwa karibu nusu ikilinganishwa na tiba fupi ya AZT.

Kwa hiyo dawa zilikuwapo. Tatizo ni kwamba tiba ya dawa tatu iligharimu zaidi ya dola 10,000 za Marekani kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Tena Rais Thabo Mbeki alikuwa ametilia shaka iwapo VVU ndiyo chanzo cha Ukimwi, hadi wanasayansi zaidi ya 5,000 wakatia saini Azimio la Durban kusema ushahidi uko wazi.

Usiku wa ufunguzi, Julai 9, Mbeki alihutubia akisisitiza umaskini. Kisha akapanda jukwaani Nkosi Johnson, mtoto wa miaka 11 aliyezaliwa na VVU, mwembamba ndani ya suti, kipaza sauti mkononi. Alisimulia kifo cha mama yake mzazi, na jinsi kulivyozuka mabishano alipotakiwa kuanza shule. Akaiomba Serikali iwape wajawazito wenye VVU dawa ya AZT ili watoto wao wasiambukizwe. Na akawaomba watu wasiogope kumkumbatia mgonjwa.

Kesho yake alizungumza Edwin Cameron, jaji wa Mahakama Kuu, naye akiishi na VVU. Aliwaambia wajumbe kwamba yuko hai kwa sababu mshahara wake unamwezesha kununua dawa, wakati mamilioni ya Waafrika wanakufa kwa kukosa fedha hizo. Hakuwa na takwimu mpya wala matokeo ya maabara. Nadhani ndiyo sababu hakuna profesa aliyeweza kumpinga.

Sisemi hotuba mbili ndizo zilizoshusha bei. Wanaharakati walikuwa wameshaanza kazi, na viwanda vya India vilikuwa tayari vinatengeneza dawa za bei nafuu. Mwaka 2001, kampuni ya Cipla ilitangaza dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka. Mwaka 2002, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliiamuru Serikali itoe nevirapine kwa wajawazito. Nkosi hakuyaona hayo ya mahakama. Alifariki dunia Juni 1, 2001.

Msomaji wangu mjamzito, jambo aliloliomba mtoto yule leo unalipata kliniki bila malipo. Bila tiba, kati ya watoto 100 wa mama wenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa wakati wa ujauzito, uzazi au kunyonyeshwa. Kwa tiba, idadi hushuka chini ya watano, na mama anayeanza dawa mapema na kuzimeza kila siku anapunguza hatari zaidi ya hapo. Pima katika hudhurio la kwanza, nenda na mwenzi wako. Ukikutwa na VVU, anza dawa, na usiziache baada ya kujifungua, kwa sababu kunyonyesha bado kunaendelea. Mtoto naye ana dawa zake na vipimo vyake. Usiviruke hata akionekana mnene na mchangamfu.

Wapo wenzangu wanaosema mgonjwa jukwaani huleta machozi badala ya sayansi. Mimi nimekaa kwenye mikutano ambako tuliambiwa asilimia fulani ya akina mama "wamepotea" baada ya kujifungua, na ukumbi mzima hakuna aliyejua wamekwenda wapi. Mama aliyewahi kupotea angetujibu kwa dakika tano.

Nimewaandikia waandaaji nikapendekeza jina la sita: mama wa watoto watatu ninayemtibu, ambaye aliwahi kuacha dawa kwa miezi saba kwa kumwogopa mama mkwe, kisha akarudi. Watoto wote watatu hawana maambukizi. Nilipomwomba ruhusa alicheka, akaniambia, "Daktari, nitakuja, ila wasinitake nizungumze Kiingereza."

Waandaaji bado hawajanijibu.